Chupa Niliyoshindwa Kunywa Kanisani

Wapendwa, leo nimekataa kunywa maji yaliyoombewa, mbele ya kanisa zima hapa Umoja.

Msinihukumu kwanza.

Chupa ilikuwa na maji ya shule niliyosomea kule Kitui. Niliibeba niwaonyeshe washirika, kisha niombe mchango. Bomba la maji safi ya mji limefika karibu na shule, na mafundi wanaondoka Ijumaa. Tusipolipia shule iunganishwe kabla ya hapo, basi tena.

Sasa mhudumu wa mlangoni akadhani nimeleta maji ya kuombewa. Akaiweka madhabahuni na chupa za wengine. Tope lilikuwa limetulia chini, hata hakuliona.

Pasta akaomba, akasema, "Wenye chupa, njooni mnywe kwa imani."

Nikaishika yangu. Ikatikisika, maji yakawa kama chai ya maziwa.

"Mama Mutua, kunywa."

"Pasta, siwezi. Nitaugua."

"Kwani huna imani?"

Hapo machozi yakanitoka, jamani.

"Ninayo. Lakini haya ndiyo maji wanayokunywa watoto wa shule yetu kila siku."

Pasta akaichukua, akaitazama. Na yeye hakunywa.

Akanirudishia, akaanzisha wimbo, ibada ikaisha. Mchango sikuuomba.

Sasa chupa iko hapa mezani kwangu. Tope limetulia tena, ukiitazama utasema ni maji safi kabisa.

Nimeomba Mungu mpaka sauti imekauka. Niambieni nyinyi, kabla ya Ijumaa niende kwa nani?