Uwanja wa Magogo

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. Hapana, nisiwapoteze: mvua kubwa zilipiga mwaka uliotangulia, zikabeba daraja. Huu ninaousimulia ni ule daraja lilipojengwa upya. Mwaka huo mlinzi wa msitu, ambaye wapasua mbao walimwita Kamanda kwa sababu ya filimbi yake, alikosa usingizi kwa ajili ya kipande cha ardhi.

Kipande chenyewe kilikuwa katikati ya msitu, mahali malori yalipokuwa yakipakia magogo. Malori yalishaondoka, ukabaki udongo ulioshindiliwa kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yalituama juu yake kama kwenye sinia. Bibi misitu, ofisa mwenye dhamana ya msitu ule, alimweleza bila kuficha: miti ikijiotea yenyewe pale, bila jembe wala mkono wa mtu, msitu utaachwa upumzike. Mvua zikiisha haijaota, patafunguliwa machimbo ya kokoto, na nyumba ya mlinzi itabomolewa kwanza, maana iko njiani.

Sasa mtu akishaambiwa hivyo atatulia vipi? Mbegu hazikumtia shaka. Miti mikubwa iliuzunguka uwanja, na upepo ukivuma zilimwagika kama mchele kutoka gunia lililotoboka. Hofu yake ilikuwa nguruwe pori. Walizoea kuingia, wakafukua, wakala. Basi akakata miiba, akauzungushia uwanja uzio, na kila alfajiri akawafukuza kwa filimbi na mawe.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, yuko mlangoni na cherehani yake, "wenzako wanalinda benki, wewe unalinda vumbi."

"Vumbi hilo ndilo paa lako."

"Paa langu linavuja. Kalilinde na hilo."

Alicheka kwa meno tu, roho iko juu juu. Akiingia uzioni alipiga magoti kutafuta chipukizi. Mbegu alizikuta. Nyingine zilikuwa zimepasuka, zimetoa kijimzizi, nacho kimegonga ardhi, kimejikunja, kimenyauka, kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Siku bibi misitu alipokuja kukagua, Kamanda alimtangulia hadi ndani ya uzio. Bibi misitu alichoma fimbo yake ya chuma ardhini, ikadunda.

"Humu hamna kitu, mzee."

"Tusubiri kidogo, mama. Mvua labda..."

"Mvua imeshamaliza kazi yake."

Wakatokea upande wa nyuma, na hapo bibi misitu akasimama. Miiba ilikuwa imeacha nje ukingo mmoja wa uwanja, udongo uleule uliokanyagwa na malori. Nguruwe waliofukuzwa kutoka ndani walikuwa wakimalizia hasira zao hapo. Wameufukua, wameuchanganya na majani yaliyooza, ukawa tifutifu. Na miche imejaa, mibichi, majani mawili mawili, mpaka mtu unakosa pa kuweka mguu.

"Hii kaipanda nani?"

Kamanda alitazama viatu vyake. "Hakuna mtu, mama. Ni nguruwe."

Bibi misitu alichutama, akaushika udongo ule. "Nitakuombea msimu mmoja zaidi," akasema. "Lakini watapima uwanja mzima, siyo ukingo."

Jioni ileile Kamanda aling'oa uzio wote, mikono ikachubuka. Alfajiri akaenda kuchungulia. Nguruwe hawakuja. Kesho yake hawakuja, wala wiki iliyofuata. Somo lilikuwa limewaingia. Mawingu ya msimu mpya yalianza kujikusanya, naye anatembea kwa kunyata ndani ya msitu wake mwenyewe, anaogopa hata kukohoa.

"Kamanda, siku hizi filimbi imekauka?" wapasua mbao wakamtania.

Yeye akawauliza jambo, akamuuliza na mkewe, akampigia hata bibi misitu simu, na hakuna aliyewahi kumjibu: nguruwe uliyemfukuza mwaka mzima, unamwambiaje arudi?