Macho Yangu na Baba Asiyeona

Nakumbuka siku moja ya soko pale Kwa Vonza, mwanangu, miaka ya tisini, nilipompita shangazi yangu kama simjui. Alikuwa ng'ambo ya barabara na leso yake nyekundu na kiondo cha ndengu, ananipungia mkono. Mimi niliona kitu chekundu kinatikisika tu, nikaenda zangu.

Kwetu humpiti mtu mzima bila salamu. Kabla jua halijatua alishafika nyumbani kunishtaki kwa baba. "Huyu msichana wako, tangu apewe kompyuta ya ofisi, ameanza maringo! Siku hizi sisi si watu!"

Maringo gani, jamani! Nilikuwa nachapa mitihani ya shule kutwa nzima, kioo cha kompyuta kimeangaliana na dirisha, sipepesi macho. Nikitoka nje, macho yanawaka kama yametiwa pilipili, na vitu vya mbali vimefifia. Nilinyamaza kwa woga. Baba yangu alikuwa kipofu, nami niliamini zamu yangu imefika. Nilidhani nikisema tu, kazi itaenda na mchumba wangu naye ataniacha.

Jioni hiyo nikalia mbele yao. "Si maringo, shangazi. Sikukuona. Mtu akiwa mbali simwoni."

Baba akasema, "Kuja hapa." Akanipapasa uso mpaka akafikia machozi. "Na umenyamaza tangu lini? Hata mimi nilinyamaza. Nilikuwa najikwaa kwa mbuzi, nasema ni giza. Unataka tukae hapa wawili, tukiulizana kama kumekucha?" Sijawahi kumsikia mkali vile.

Wiki hiyo tulikwenda pamoja hospitalini Mutomo, yeye ameshika bega langu. Daktari alinipima, akasema macho yamechoka na kukauka. Mtu akikodolea kioo husahau kupepesa. Nigeuze mashine isiangaliane na dirisha, nipumzike mara kwa mara, nitazame mbali. Lakini ugonjwa wa baba, ile presha ya macho, hutembea katika ukoo, kwa hiyo nirudi kupimwa kila mwaka. Kisha akamwangalia na baba. Akamwambia kwa upole kwamba angekuja mapema, pengine macho yake yangeokolewa.

Tulipotoka langoni baba alisimama. "Si umeambiwa utazame mbali? Tazama. Unaona nini?"

"Kilima, baba. Na mbuzi wanapanda."

"Weusi ama weupe?"

Nilipepesa, nikasubiri. "Wa mbele ni mweupe." Akacheka kwa furaha, na mimi nikalia tena. Tangu hapo aliniuliza swali hilo kila jioni nikitoka kazini, nami nikamwonyesha dunia kwa maneno mpaka akafa.

Basi wewe, mwanangu, unayeshinda kwenye kompyuta na kulala na simu: pepesa, simama, toka nje utazame mbali. Jicho likikusumbua, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa jibu, na uende ukapimwe. Baba aliwajua wajukuu wake kwa vidole tu. Mungu akulindie macho yako mpaka uzeeni, nawe wajukuu wako uwajue kwa sura.