Ile ya Zamani Ilikuwa na Kelele

Niliketi mbele ya chombo chenye umbo la bakuli kubwa jeupe, kidevu nimekiweka kwenye kiegemeo chake, jicho la kulia limefunikwa, mkononi nimeshika kitufe. Muuguzi alikuwa ameniambia kwamba kila nikiona nukta ya mwanga nibonyeze. Nikasubiri. Chombo kilikuwa kinatoa mlio mdogo, tik, tik, nami nikadhani kinajiandaa. Kidole kilikuwa tayari. Sikutaka nukta ya kwanza inipite nionekane mzembe.

"Tunaanza lini, sista?" nikauliza.

"Tumeshamaliza, mama. Jicho la kushoto tumeshamaliza."

Nilikuwa nimekaa pale muda wote huo nikiangalia mianga iliyokuwa inawaka mbele yangu, na sikuona hata mmoja.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema inakula taratibu, bila maumivu, mtu hajui mpaka imefika mbali. Jicho la kulia lilikuwa bado linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. "Kilichopotea hakirudi," akasema. "Tunalinda kilichobaki." Akaniandikia matone. Kazi yangu ni kutafsiri vipeperushi vya afya kwa Kiswahili, na cha presha ya macho niliwahi kukitafsiri mwenyewe. Nilikuwa nimeandika karibu maneno yaleyale aliyokuwa ananiambia.

Tunaishi Igogo, kwenye nyumba ambayo ukisimama mlangoni ziwa liko chini yako. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye meli inayokwenda Nansio. Watoto wetu wawili wako shule za bweni. Kwa hiyo mchana kutwa nyumbani nilikuwa mimi na kompyuta yangu ya mezani, boksi jeusi ambalo nililipata ofisi moja ilipokuwa inabadilisha vifaa vyake. Nilifanya nalo kazi miaka mingi. Lilikuwa zito na lenye kelele. Ukiliwasha feni inaanza kunguruma, halafu ndani kunakwaruza kama panya yuko kwenye gunia la mahindi. Nilipokuwa naona vizuri, kelele ile ilikuwa inanikera.

Aliyenifundisha kutumia kompyuta kwa masikio alikuwa mwalimu mmoja mtu mzima wa Buhongwa, asiyeona tangu utotoni. Alikuja na fimbo yake nyeupe, nikamwamkia, akaitikia, akaomba aonyeshwe mashine. Aliiwekea programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini, na kila herufi unayoandika. Sauti yenyewe ni kavu, haina kupanda wala kushuka. Mwanzoni nilidhani sitaizoea.

Tatizo halikuwa sauti. Tatizo lilikuwa kwamba ilichelewa. Niliandika neno zima, nikanyamaza, ndipo mashine ikaanza kulitaja herufi moja moja, na kabla haijamaliza nilikuwa nimeshapotea. Nikifuta, sikujua nimefuta nini. Siku moja nilisikiliza tena kipeperushi cha dawa za watoto nilichodhani kimekamilika, nikasikia sauti ile kavu ikisema mtoto apewe kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Asili yake ya Kiingereza ilisema mara mbili. Nilikuwa nimerekebisha mahali pengine, nikidhani niko mahali hapa.

Nilimfikiria mama fulani nisiyemjua, kijijini huko, ameshika karatasi yangu na kijiko.

Nilipomweleza mwalimu, aliweka kiganja juu ya boksi akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hii inahema sana," akasema. "Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya zamani, mama. Kujiwasha tu kunaichosha. Ukiipa na kazi ya kukusomea, inakupanga foleni."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Sijui kama alielewa jinsi nilivyoshukuru kwa jibu hilo.

Mume wangu akanunua kompyuta mpya mjini. Ilikuwa boksi dogo tu, unaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Mwalimu alikuja tukaziweka mbili pamoja mezani, ya zamani kushoto na mpya kulia, akafungua kipeperushi kilekile kwenye zote. Akaniambia nibonyeze kitufe cha kusoma, mkono huu kwenye hii na mkono huu kwenye ile, kwa wakati mmoja.

Mpya ilianza kusoma kidole changu hakijainuka. Ya zamani ikanguruma, ikakwaruza, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mpya ilikuwa imemaliza aya nzima ndipo ile nyingine ikatamka neno la kwanza.

Mwalimu akacheka. "Unasikia? Prosesa ya hiyo ya zamani ina viini viwili tu, na vyote vimeshikwa. Hii mpya ina viini vingi. Kimoja kinakusomea, kingine kinapokea unachoandika, vingine vimekaa tu vinasubiri viitwe."

"Mbona haina sauti?"

"Sauti gani? Si inasoma?"

"Yenyewe. Mashine yenyewe sikuisikia ikiwaka."

"Ah. Haipati joto sana, kwa hiyo feni haina haja ya kukimbia. Huo ndio uzuri wake."

Kwangu haukuwa uzuri. Mwalimu alipoondoka nilikaa mbele ya ile mpya, nikaacha kuandika ili niisikie. Hakuna kitu. Nikaweka mkono juu yake kama nilivyomwona mwalimu akifanya. Baridi kama sahani. Ile ya zamani nilikuwa nasikia inapowaza, nasikia inapochoka, hata nikiwa jikoni nilijua imemaliza kazi kwa jinsi feni ilivyoshuka. Hii ingeweza kuzimika nikaendelea kuiandikia saa nzima bila kujua. Nilibonyeza herufi yoyote ili tu iitaje. Ikaitaja. Nikanyamaza, halafu nikabonyeza tena. Siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilikaa nikiiuliza mashine kama ipo.

Zilikuwa zimebaki kazi zangu za miaka yote kwenye ile ya zamani. Mwalimu alikuja asubuhi moja akaziunganisha mashine mbili kwa waya, akaanza kuhamisha kila kitu. Alisema ya zamani itachukua mpaka jioni. "Usizime hata moja," akaniambia akiondoka. "Ukizima katikati, mafaili yanaweza kuharibika."

Mume wangu alikuwa ziwani. Mchana wadudu wa ziwani wakaja. Wale wanaotoka majini kama moshi mweusi, mwepesi, unaotembea na upepo. Ukifika nyumbani unagundua ni mamilioni ya vidudu vidogo. Sikuwaona. Niliwasikia kwenye wavu, na niliwahisi usoni na midomoni. Nikafunga madirisha, nikaziba na khanga chini ya mlango, lakini dirisha la chumba cha kazi lina kioo kimoja kilichopasuka kona, na boksi la zamani lilikaa chini yake likivuta hewa kwa nguvu zake zote.

Nilikuwa naosha vyombo niliposikia feni ikipanda. Ilipanda kuliko nilivyowahi kuisikia, ikawa kama mtu anayepiga kelele kwa pua. Halafu ikakwama. Ikajaribu tena, ikakwama. Kisha kimya.

Nikasimama na mikono yenye sabuni. Nilisubiri ianze tena. Kilichonifikia ni harufu ya plastiki inayoungua.

Nilikwenda mbio kadiri nilivyoweza, bega likagonga mlango. Chumbani mwanga wa dirishani ulikuwa mkali, na kwa jicho langu la bomba niliona tu kipande cha meza, kona ya skrini, basi. Sikuona moshi wala moto. Lakini kama moto ulikuwa pembeni, ningeuonaje? Niligeuza kichwa huku na huku kama kuku, kila nilipoangalia palikuwa salama, na harufu ikazidi.

Masikio hayakunisaidia. Mashine zote mbili zilikuwa kimya. Mpya ilikuwa kimya kwa sababu ndivyo ilivyo. Ya zamani ilikuwa kimya kwa sababu imekufa, au ndiyo inaungua. Au kinyume chake. Na maneno ya mwalimu yalinizunguka kichwani: usizime hata moja. Miaka yote ya kazi yangu ilikuwa inapita kwenye waya mmoja kati ya maboksi hayo mawili. Nikajiona nasimama palepale, nikipima nyumba na mafaili, na nikaogopa pia huko kupima kwenyewe.

Nikanyoosha mikono. Boksi la kulia lilikuwa baridi. La kushoto nililigusa nikautoa mkono haraka.

Nyaya zote zilikuwa zimechomekwa kwenye kebo moja ya soketi nyingi chini ya meza. Nikapiga magoti, nikapapasa. Sikujua upi ni wa ipi. Nilishika wa kwanza, nikauacha. Wa pili, nikauacha. Harufu ilikuwa imenishika kooni. Mwishowe niliifuata kebo yenyewe kwa vidole mpaka ukutani, nikaing'oa yote kwa pamoja.

Kisha nikatoka nje hadi uani, nikapiga kelele za kumwita jirani.

Jirani yangu ni mwanamke anayeuza dagaa sokoni, mtu wa vicheko, lakini siku ile alikuja bila kucheka. "Kaa hapa, dada. Usiingie." Nilimsikia akitembea ndani, akifungua madirisha, akikohoa. Alikaa ndani muda ulionitosha kufikiria kila kitu kibaya.

"Hakuna moto," akasema alipotoka. "Moshi kidogo tu, unatoka kwenye lile jeusi. Lakini wadudu, dada! Meza nzima ni nyeusi." Akanishika mkono. "Mbona unatetemeka hivi? Si imeisha?"

Nilimwambia ndiyo, imeisha.

Mume wangu aliporudi jioni aliifungua ile ya zamani kwa bisibisi, hata kabla ya kuvua nguo za kazi. Alinipa mkononi kitu alichokitoa kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Kilikuwa laini na kikavu, kama kipande cha blanketi. Ni wadudu, akasema, wa miaka mingi na wa leo, wameshonana. Feni ilishindwa kuzunguka, mota yake ikaungua. Alijaribu kuiwekea feni nyingine siku iliyofuata, lakini mashine haikuwaka tena.

"Injini ikikosa kupumua ndivyo inavyokuwa," akasema. "Ulifanya vizuri kuchomoa."

"Nilichelewa. Nilisimama pale sijui nichomoe nini."

"Lakini ulichomoa."

Mwalimu alitoa diski ya ile ya zamani akaiunganisha kwenye mpya, na kazi zangu zikapatikana, isipokuwa chache zilizokatikia njiani. Nilimweleza kwamba naogopa mashine isiyosikika. Sikutegemea jibu lake.

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Ya kwanza isiyo na kelele kuinunua, niliirudisha dukani nikidhani ni mbovu. Njoo." Akakishika kidole changu, akakipeleka kwenye vitufe viwili. "Ukibonyeza hivi itakutajia saa. Ikikutajia saa, ipo."

Basi nikaanza kuiuliza saa. Ilinitajia kila mara, papo hapo, kwa sauti ileile kavu, na nikarudi kazini. Nilidhani sasa nitafanya haraka kama zamani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kipeperushi cha unyonyeshaji, kurasa chache tu. Nilisoma sentensi ya Kiingereza, nikaisikiliza tena, na tena. Mashine ilikuwa inaniitikia kabla sijavuta pumzi. Nilipoacha kuandika, ilinyamaza. Hakukuwa na mngurumo wala mkwaruzo wala foleni. Ilikuwa inanisubiri mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimechelewa. Maneno niliyokuwa nayapata kwa kuangalia ukurasa mzima kwa mara moja, sasa nilipaswa kuyakumbuka kwa masikio, na yalikuwa yananiponyoka. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeilaumu prosesa ya zamani. Sasa hapakuwa na wa kulaumiwa.

Nililia kidogo, mbele ya meza, mchana kweupe. Halafu nikaimaliza kazi ile. Ilinichukua wiki badala ya siku mbili.

Kabla ya kuituma nilimwomba mume wangu anisomee yote kwa sauti, vipimo na idadi hasa. Alivuta kiti, akasafisha koo, akaanza kusoma polepole jinsi ya kumpakata mtoto na jinsi ya kumgeuzia ziwa la pili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupaza juu ya injini. Nilimsimamisha mara mbili tukarekebisha. Alipofika mwisho nikamgeukia.

"Ni sawa?" nikauliza.

"Sioni kosa."

"Soma tena," nikamwambia. Akasoma tena.