Dobi wa Shangani na nyumba ya tembo ya bibi yake

Jua bado halijapanda juu ya mapaa ya Shangani, na Kazija Mwalim ameshalowa mpaka viwikoni. Yuko ghorofa ya juu kabisa ya hoteli moja ya wageni, kanga moja kichwani, nyingine kiunoni, anasugua kitambaa cha meza chenye doa jekundu la mvinyo. Anamwagia chumvi, anakunja, anasugua, anakiinua kukitazama kwenye mwanga, kisha anakirudisha ndani ya beseni.

"Hili la jana usiku," anasema. "Likikaa siku mbili halitoki tena."

Hatulii. Hata anapozungumza ananyoosha kamba ya kuanikia, anageuza mashuka, anachungulia uani kuona kama maji ya bomba yamekatika. Wenzake wa kazini wamempa jina la Kiguu na Njia, na yeye halikatai.

Kesho ni Jumanne, siku yake ya mapumziko. Kwa miaka mitatu sasa, tangu 1998, Jumanne zake hazijawa za kupumzika. Amekuwa akimtafuta bibi yake mzaa mama, Hija binti Borafya, mwanamke aliyekuwa na nyumba ya kulaza wachuma karafuu na kuuza tembo la mnazi katika mashamba ya Kaskazini Unguja, kabla ya Vita Vikuu vya Pili.

Kwa familia ya Kiislamu ya mtaa wa Amani, bibi wa namna hiyo si mtu wa kutangazwa.

"Wenzangu wakitafuta asili yao wanatafuta masharifu na wenye mashamba," anasema Kazija, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. "Mimi nnamtafuta muuza tembo. Watu wananiona nina wazimu."

Mambo yalianza mama yake, Bi Time binti Makungu, alipopata malaria kali. Homa ilipompanda, mwanamke huyo ambaye sasa amepita miaka sabini alianza kuita: "Mama, nifungulie mlango! Mama!"

Kazija alikuwa kando ya kitanda, kitambaa cha maji mkononi. Anasema alishtuka. Maisha yake yote alijua mama yake ni yatima, na hakupata kumsikia hata siku moja akimtaja mzazi wake.

Homa iliposhuka, Bi Time alisimulia kile alichokuwa nacho. Nyumba ndefu ya udongo na makuti, yenye milango miwili. Wanaume wamelala safu kwenye mikeka. Harufu ya tembo lililochachuka. Mama yake, Hija binti Borafya, na funguo zimefungwa kwenye pindo la kanga. Halafu gari la punda, njia ndefu, na nyumba ya mwalimu wa Kurani huko mjini, mtaa wa Ng'ambo, alikolelewa vizuri na kuambiwa kwamba mama yake amekufa. Alikuwa na miaka sita hivi.

"Nikamuuliza, 'Mama, kazikwa wapi?' Akanijibu, 'Unaniuliza mimi?' Akageukia ukutani. Basi tangu siku ile mimi sikukaa."

Wa kwanza kumpinga alikuwa kaka yake, Ahmada Mwalim, anayesomesha watoto chuo cha Kurani hapo hapo Amani. Alimwambia kazi ya hoteli peke yake inatosha kuwatia midomoni mwa watu.

"Unakwenda kufukua nini, Kazija?" alimuuliza. "Una mabinti wa kuozesha. Kesho watu wakija kuposa wakiuliza hawa vitukuu vya nani, utawajibu nini?"

"Ntawajibu vitukuu vya Hija."

Hawakusemeshana mwezi mzima.

Kazija alikwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, bila kujua aombe nini. Alisoma mpaka darasa la saba, na faili nyingi za wakati ule ni za Kiingereza. Aliyemwokoa ni Wafaa, binti wa mtaa wa Malindi mwenye asili ya Kiarabu, aliyekuwa akija huko kutafuta habari za mashamba ya babu zake kwa ajili ya masomo yake ya chuo kikuu. Wafaa alimuona mama mtu mzima akigeuza kurasa asizozisoma, akamsogelea.

"Tukawa meza moja," anacheka Kazija. "Yeye anatafuta wenye shamba, mimi nnatafuta walevi wa shamba."

Wafaa alimsomea taarifa za maofisa wa wilaya: nani karuhusiwa kuuza tembo, nani kakataliwa, kijiji gani kimelalamika. Majina yameandikwa ovyo ovyo, na wanawake wengi wametajwa jina moja tu.

Hija wa kwanza waliyemkuta alikuwa wa Kusini. Kazija alipanda gari asubuhi ya Jumanne iliyofuata, akafika na kuuliza mbele ya watu barazani. Mzee wa nyumba alisimama.

"Nani kakutuma?" alimfokea. "Hapa hapana mwanamke aliyeuza tembo. Ukirudi tena tutakupeleka kwa sheha."

Aliondoka kijijini akilia. Baadaye Wafaa alikuta karatasi nyingine: Hija yule alikuwa binti wa mtu mwingine kabisa. Kazija alirudi Kusini kuomba radhi, na safari hii hawakumfungulia hata mlango.

"Niliwaingilia watu na aibu isiyokuwa yangu wala yao," anasema, akikamua shuka kwa nguvu. "Hilo bado linanikera. Nikilala linanijia."

Aliacha kwa muda. Mshahara wa shilingi elfu arobaini kwa mwezi hauna nafasi ya nauli za kufukuzwa. Lakini kila Jumanne alijikuta anafagia ua uliokwisha kufagiwa, mpaka mama yake akamwambia, "Nenda huko unakokwenda, unanitia kizunguzungu."

Mwaka jana Wafaa alimpigia simu hotelini. Kuna Hija Borafya kwenye faili moja, alimwambia, ana nyumba ya kulaza wachumaji na kuuza tembo, Kaskazini, na watu wa kijiji wameandika wakitaka ifungwe.

Wenyeji wa kijiji hicho wameomba kisitajwe hapa. Sheha, kiongozi wa kijiji, alimpokea Kazija kwa adabu, akamwambia hapana anayekumbuka nyumba kama hiyo. Alikuwa barabarani anangoja gari la kurudi mjini, anakwenda mbele na kurudi nyuma, wakati mwanamke mzee aliyekuwa akisuka makuti uani kwake alipomwita.

"Wewe ndiye unayeuliza kwa Hija?"

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu kaa kwanza. Hija naye alikuwa hivyo hivyo, hajui kukaa kitako."

Ni Bi Amne, ambaye utotoni alikuwa akifagia na kuchota maji katika nyumba ile. Alimchukua Kazija mpaka mahali penyewe. Pamelimwa muhogo. Kilichobaki ni mawe ya msingi, yamefunikwa na majani.

Hapo katikati ya muhogo, Bi Amne alimweleza lililotokea.

"Wachumaji walikuwa wanatoka bara, hawana pa kulala. Hija akiwalaza, akiwapikia, akiwauzia tembo. Mumewe kafa, ndugu zake wako bara, atakula nini? Sasa siku moja alimkuta mtu kakaa kitandani kwa mtoto. Mungu kamnusuru, hakumfanya kitu. Hija alimpiga mchi wa bega, yule bwana akatoka mbio hata kikoi hakuvaa. Kulipokucha akampakia mtoto kwenye gari la punda."

"Kwa nini wakamwambia mama yangu kwamba amekufa?"

"Alitaka mwenyewe. Alisema, 'Akijulikana ni mtoto wa kwa Hija, hapana atakayemposa.' Lakini kila msimu alipeleka pakacha. Maembe, mihogo, ndimu. Nikimsaidia kulisuka mimi."

Hija aliishi miaka mingi baada ya hapo. Serikali ilipomnyima ruhusa ya tembo, aliendelea kulaza watu bila kuuza. Kwa hesabu ya Bi Amne, alikufa miaka michache kabla ya Mapinduzi.

Kazija alirudi Amani jioni ile na kumweleza mama yake yote. Alidhani atafurahi.

Bi Time, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, anakumbuka vizuri. Pakacha lilikuwa likija. Mlezi wake akimwambia limetoka kwa shangazi yake wa shamba. Aliolewa, likaendelea kuja. Msimu mmoja halikuja, akauliza.

"Wakanambia shangazi kafa," anasema. "Nilikuwa nnachagua mchele. Nikasema innalillahi, nikaendelea kuchagua mchele."

Anaendelea: "Alikuwa hai siku nilipoolewa. Alikuwa hai nilipomzaa huyu Kazija. Na mimi nnachagua mchele!"

Kwa wiki nzima hakumsemesha binti yake. Alikuwa na hasira na Hija kwa kumtoa, na walezi wake kwa kumficha, na Kazija kwa kumwambia. Usiku akizunguka chumbani. Kazija anasema alijuta.

"Nilijiuliza nimemletea nini mama yangu mtu mzima. Alikuwa na msiba mmoja wa zamani, nikampa mpya."

Aliyevunja ukimya ni Ahmada. Alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"La kilabu cha tembo sitaki kulisikia," alisema. "Lakini kama kuna kaburi, mama yetu atazuru. Nshatafuta gari."

Akizungumza na gazeti hili, Ahmada alikuwa na maneno machache. "Sikuwa na ugomvi na bibi yetu. Niliogopa midomo ya watu. Mji wetu huu mdogo. Lakini mwanamke aliyempiga mwanamume mchi kwa ajili ya mama yangu, mimi nitamkatalia dua?"

Walikwenda wote watatu. Bi Amne aliwaongoza mpaka pembeni mwa makaburi ya kijiji, penye makaburi matatu yasiyo na alama. Hija yumo katika moja, lakini lipi, hakumbuki. Siku ya maziko alikuwa na mtoto mchanga, hakufika makaburini.

Ahmada alisoma Yasini. Bi Time aliomba dua kwenye la kwanza, akainuka, akaomba kwenye la pili, akainuka, akaomba kwenye la tatu.

Ingekuwa hadithi ya mtu mwingine, ingeishia hapo. Kazija ameanza kutafuta tena. Anataka kujua Borafya, baba yake Hija, alitoka kijiji gani cha bara, na Wafaa ameshamwandikia barua kwa mtu wa Tabora. Hajui atapata wapi nauli ya meli na treni. Mabinti zake wanamcheka. Posa ya mkubwa imeshakuja, na Kazija alipoulizwa na wazee wa upande wa pili alijibu kama alivyoapa kujibu. Bado anangoja kauli yao.

"Nnaogopa, sisemi uongo," anakiri, akibana shuka la mwisho kwenye kamba. "Lakini nisingeweza kumficha tena. Alishafichwa sana."

Bi Time naye ana lake. Tangu waliporudi kutoka makaburini amekuwa akiulizia mvua ya masika itakwisha lini. Bi Amne amemwahidi kwamba muhogo ukishang'olewa, atampigia kibanda cha makuti pale palipokuwa nyumba, kwa usiku mmoja. Ahmada amesema mama yake ni mzee, atapata baridi. Kazija ameshanunua mkeka.

Alipoulizwa anakwenda kufanya nini huko, Bi Time alijifunga kanga yake vizuri, akafikiri kidogo.

"Kulala," alisema. "Kalaza watu chungu nzima, na kutwa wakimsema. Mwanawe ndiye hakurudi kulala kwake. Basi na mimi anilaze."