Mawese Juu ya Kapo

Hii habari sipendi kuisimulia, na ninyi mnaoniomba kila tukikutana mnajua vizuri kwamba sipendi, lakini afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia Tonton Déo, maana yeye kila mwaka anaongezea kitu (juzi nimesikia eti nilianguka, sikuanguka). Aibu ni yangu, acha niibebe mwenyewe.

Gari yangu mnaijua. Ile ya Kijapani yenye turbo, yenye bawa nyuma na tundu la hewa juu ya kapo (kile kifuniko cha injini), ambayo zamani ikipanda mtaa wa Nyawera watoto waliacha mpira wakaitazama. Ilikuwa nyekundu. Nasema ilikuwa kwa sababu jua la Bukavu lilikula paa, likala kapo, mpaka mbavu zikabaki nyekundu na huku juu kote kukawa rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Injini ilikuwa nzima, ukikanyaga mafuta bado ilikusukuma kwenye kiti (siyo kwamba kwa mashimo yetu kuna mahali pa kukanyaga), ila ukiiona imesimama ungedhani mwenyewe alishakufa.

Niipake rangi upya au niiache? Swali hilo lilinikaa kichwani kama mgeni asiyeaga. Mimi ni mtu wa kuulizauliza, hiyo ndiyo shida yangu. Jirani akasema paka, unangoja nini. Wenzangu wanaopenda gari za namna hii wakanishika mkono kabisa: «Usiiguse. Ukiipaka, kila mutu atauliza iligonga wapi. Rangi ya kiwandani njo kitambulisho yake.» Usiku nikalala nimeamua kuiacha, asubuhi nikaamka nimeamua kuipaka, saa sita nikawa sijui tena.

Pengine ningekuwa hivyo mpaka leo, lakini kwao Noëlla, msichana niliyetaka kumwoa, wakatuita. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe mwanaume haendi peke yake, anaenda na msemaji wa ukoo, na wale wenye binti wanakaa wanakutazama tangu viatu mpaka nywele, kisha wanasema kama mlango wa kuzungumza mahari umefunguka au umefungwa. Na Papa Gervais, baba yake Noëlla, mwalimu aliyestaafu, alikuwa ameshamfungia mmoja kabla yangu. Nilipomuuliza Noëlla sababu, alishusha sauti: «Alikuja na viatu vichafu. Papa anasemaka, mutu unamujua kwa namna anachunga vitu yake.»

Viatu tu, jamani, vitu ambavyo vinaweza kufichwa chini ya meza. Na mimi nilikuwa na gari lenye kichwa cha ufizi. Nilimpenda Noëlla mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na niliogopa kumkosa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Ijumaa, kesho yake ndiyo siku yenyewe, nikaipeleka kwa Zozo, fundi wa rangi kule mtaa wa Essence. Zozo akaizunguka, akapapasa kapo kwa kiganja, akatikisa kichwa. «Hii inaomba wiki mbili, patron. Iko kukwangua, iko kutia mastike kwa mashimo, iko kupuliza, iko kukausha. Kesho, hapana.» Nadhani aliona macho yangu, kwa sababu alinihurumia, akaleta mawese ndani ya kikombe, akayachanganya na mazutu (dizeli) kidogo, akapangusa nayo kapo kwa kitambaa. Nyekundu ikarudi. Ikarudi kweli, ikang'aa, nikaona uso wangu mwenyewe mle ndani unacheka.

«Hii ni ya kuangalia tu,» akasema. «Ni uone rangi itakuwa namna gani, kisha uamue. Sasa naiosha na sabuni. Usitembee nayo.»

Nikamwambia asiioshe. Nikamwambia apake gari nzima.

Uamuzi ni huo tu, hakuna mwingine, na naomba mnielewe: kwangu mimi ulikuwa wa kupumua kidogo. Siyo kupaka rangi, siyo kuacha, ni kitu cha katikati, na Jumatatu ningeendelea kufikiria vizuri.

Jumamosi asubuhi Tonton Déo, mdogo wa marehemu baba na ndiye msemaji wetu, alipoiona alivua kofia. «Kumbe ulishaipaka.» Nikasema ndiyo, nimeipaka (nimeipaka nini, hakuuliza). Alikuwa na suti yake ya Pasaka, mimi na koti jipya, tukaondoka kuelekea Panzi, mtaa wa kwao Noëlla, na ni hapo tu, tulipoacha lami, nikakumbuka kwamba tuko mwezi wa saba.

Vumbi la mwezi wa saba mnalijua. Na mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga ambalo halikutaka kutupisha. Mwanzoni niliona kapo limekuwa la kahawia kidogo, nikajiambia ni kivuli, kisha likawa la kahawia sana. Tonton Déo akasogeza uso karibu na kioo.

«Espoir. Hii gari iko inaota manyoya.»

Nikasimama pembeni nikatoa leso nikapangusa. Usipanguse mawese yenye vumbi, hilo nawaambia bure. Vumbi likawa tope jekundu, leso ikawa tope, mkono wa koti ukawa tope, na saa nayo ilikuwa inatufukuza. Nikapanga hivi: nitaiacha mbali, chini kabisa ya njia, tutapanda kwa miguu, Papa Gervais hataiona.

Lakini njia ya kwao Noëlla ilikuwa imejaa watu wanaimba. Asubuhi hiyo hiyo matokeo ya mtihani wa Serikali yalikuwa yametoka, na Divine, mdogo wake Noëlla, amepita. Kwetu mtoto akipata diplome hapongezwi kwa mdomo tu, anamwagiwa poda nyeupe mpaka abaki macho, na anayekaribia naye anamwagiwa. Kufumba na kufumbua wasichana wakatuzunguka, «beau-frère, shemeji yetu, amekuja na bahati», wakaisukuma gari kwa shangwe mpaka mbele ya lango, na poda yote iliyobaki wakaimwaga juu ya gari. Poda juu ya vumbi, vumbi juu ya mawese. Gari yangu ya mbio ikawa andazi ambalo halijakaangwa.

Nilitoka ndani ya gari nikitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Na hapo ndipo Maman Noëlla alipotoka kumchezea Divine ngoma. Mama mzito, mwenye heshima zake, amevaa gauni la dentelle nyeupe la kutupokea. Akacheza, akarudi kinyumenyume akicheza, akachoka, akatafuta pa kupumzika, nami nikaona anapoelekea. Akaketi juu ya kapo.

Alipoinuka, nyuma yake, hasa pale mtu anapokalia, kulikuwa na duara jekundu kubwa kama sinia.

Sasa, mkwe wa kwetu na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hamshikani mikono, hamketi pamoja, njia ikiwa nyembamba mmoja anampisha mwenzake. Hayo niliyajua tangu utoto, na Tonton Déo alikuwa amenikumbusha njiani. Lakini hofu haina akili. Mkono wangu ulikuwa na leso, doa lilikuwa mbele yangu, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeinama nampangusa mama mkwe wangu makalio mbele ya mtaa mzima (kwa leso ile ile, kwa hiyo duara likawa sinia mbili).

Wimbo ulikatika. Maman Noëlla aligeuka, akaangalia leso, akaniangalia, akaingia ndani. Noëlla alikuwa amesimama langoni na mikono kichwani. Nilitaka ardhi ipasuke initwae pamoja na gari.

Papa Gervais alikuwa ameona yote toka kizingitini. Akashuka pole pole, akapitisha kidole juu ya kapo, akakinusa.

«Hii ni mawese.»

«Ndiyo, Papa.»

«Juu ya nini unapakaa gari mawese?»

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya siku hiyo, lakini hakuna hata moja lililobaki, nikasema tu kilichokuwepo. «Nilikuwa naogopa, Papa. Rangi yake ilichujuka. Niliogopa utasema siwezi kuchunga kitu, utaninyima Noëlla.»

Aliagiza maji ya moto na sabuni, akaninyooshea kidole, nikavua koti nikaosha gari mbele ya watu, wasichana wenzake Divine wakinitazama na nyuso zao nyeupe za poda. Mawese yakatiririka mtaroni, na ule ufizi ukatokea kipande kwa kipande, mpaka wote wakauona. Papa Gervais alikaa kwenye kiti akingoja mpaka nikamaliza.

«Injini iko muzima?»

«Iko muzima, Papa.»

«Ingieni.»

Ndani sikumbuki nilikunywa nini. Wakubwa wa kwao walijitenga chumba cha nyuma, na sisi tukabaki tunatazama kalenda ya ukutani. Papa Gervais aliporudi hakuniangalia mimi, alisema na Tonton Déo. «Huyu kijana wenu alimugusa mama mukwe wake mbele ya watu. Mutaleta mbuzi, na liputa mupya ya maman.»

Mbuzi, na kitenge kipya! Nikainamisha kichwa. Nilijua yamekwisha, na nilikuwa nawaza nitamwambia nini Noëlla, kumbe pembeni yangu Tonton Déo anapiga makofi taratibu na kushukuru, aksanti sana, aksanti, kama mtu aliyepewa zawadi. Tulipofika nje nikamuuliza amefurahia nini.

«Weye mutoto, uko mujinga sana,» akasema. «Mugeni akikosa, wanamufukuza. Mbuzi wanalipisha mukwe.»

Nikaegemea gari (ilikuwa safi sasa) nikalia mpaka Noëlla akaja kunifuta machozi, na yeye alikuja na kitambaa chake mwenyewe.

Akiba yote ya rangi iliishia kwa mbuzi na liputa, kwa hiyo swali lililonitesa muda wote ule lilijiamulia lenyewe, na gari ni hiyo hiyo mnayoiona. Nimeapa sitapaka tena kitu juu ya kitu ili kisionekane kilivyo, na nikiwa Panzi leso inabaki mfukoni hata kama pua inavuja. Maman mkwe ni mama mwema, hajawahi kuitaja siku ile. Ila kila tukimpeleka misa, kabla hajapanda nyuma, anafungua mkoba wake taratibu, anatoa gazeti, analitandika vizuri juu ya kiti, ndipo anaketi, nami natazama mbele.