Hamira Iliyobaki Hai Rumonge

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka ule tuliopata uhuru, Direkta, mkuu wa kiwanda, alinionjesha maji ya sukari, kisha akatia matone machache kutoka chupa ndogo. Baadaye akanionjesha tena. Yalikuwa matamu zaidi.

"Sikuongeza sukari," alisema. "Hicho ni kimeng'enya. Kinaivunja sukari iwe tamu zaidi, chenyewe hakipungui."

Kiwanda chetu kidogo cha Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kilikuza hamira kwa vitu vya kutupwa: maganda ya ndizi, na ndizi zilizolainika sokoni. Tulivichemsha, tukachuja, supu ikapoa, ndipo tukaimwagia hamira kwenye pipa. Ikipata hewa, inazaana. Tuliikamua, tukaipasua kwa chumvi na joto, ikatoa kimeng'enya kilichonunuliwa na watengeneza peremende wa Bujumbura. Aliyenifundisha kazi ni mkuu wa laboratwari, yaani maabara, Mama Anjelina, mzaliwa wa Kivu, Kongo.

Mauaji ya mwaka wa sabini na mbili yalipotufikia, Direkta aliondoka, nami nikakimbilia milimani. Huko niliambiwa Mama Anjelina ameuawa.

Niliporudi baada ya majuma kadhaa, mtaani hata kuku hawakusikika. Kiwandani umeme ulikuwa umekatika, lakini pipa lilikuwa likitoa sauti, kama mtu anayepumua usingizini. Povu lake lilikuwa jipya. Nikafungua daftari tuliloandikia joto la pipa kila siku. Kila siku ilikuwa imejazwa, hata asubuhi ile, kwa mwandiko wa Mama Anjelina.

"Salumu, funga mulango," sauti ilisema nyuma ya magunia.

Mama Anjelina alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Alikuwa akiikoroga hamira kwa mwiko ipate hewa, na hiyohiyo ndiyo iliyokuwa chakula chake.

"Ndizi unatoa wapi, Mama?"

"Mu mashamba. Hakuna mwenye anauliza."

"Na daftari, unamwandikia nani?"

"Nikiacha kuandika, nitajuaje kama niko hai?"

Tulikula hamira pamoja siku tatu, mpaka nikampata mvuvi wa kumvusha ziwa kwenda Kongo. Sikusikia tena habari zake.

Direkta mpya alipofika aliuliza nani aliitunza hamira. Niliogopa kumtaja mtu. "Ilijitunza yenyewe," nilijibu. Akaandika hivyo kwenye ripoti, na kwa miaka mingi wanafunzi wa kazi kiwandani walifundishwa kwamba hamira ya Rumonge haihitaji mtu.

Nilistaafu bila kusahihisha. Sasa nasahihisha: ikiachwa, hamira inakufa upesi. Ile ilikuwa na mtu.