Célestin na Mashini Iliyojaa Kumbikumbi

Célestin alizaliwa Nyangwe, kwa wavuvi, na tangu utotoni harufu ya samaki ilimshinda. Akaenda Salamabila kufua nguo za wazungu wa mgodi, kisha akajipenyeza katika karakana walikofunga upya nyaya za mota za pampu. Hakuna aliyemfundisha. Alifagia na kutazama, miaka sita.

Mwaka wa 1954 alikuwa Kasongo, akitengeneza vyerehani kwenye baraza za watu. Mvua ikinyesha, anakusanya vyuma na kukimbia. Alitaka kitu kimoja tu: karatasi ya kumruhusu ajenge karakana yake karibu na soko. Bwana mmoja Mbelgiji wa serikali aliyegawa viwanja alimzungusha mwaka mzima. Rudi kesho, rudi Jumatatu.

Siku moja akaja mbio Théophile, mfanyakazi wa nyumbani kwa bwana huyo. Mwanaume mwenye watoto watano, lakini kule juu kwa wazungu walimwita "boyi".

"Yaya, kaka yangu, mashini ya kufyonza vumbi imekufa. Madamu anasema ni mimi, na leo jioni yeye iko na wageni. Bwana anasema ukiifufua, karatasi yako iko."

Célestin akachukua bisibisi zake.

Mashini ilikuwa ya zamani, ndefu kama bomba. Alipofungua kifuniko alirudi nyuma hatua mbili. Mfuko wa ndani umelowa na kupasuka. Mvua ya kwanza ilikuwa imetoa kumbikumbi, wakajaa sebuleni kwenye taa, na madamu akawafyonza wote, wazima, pamoja na mafuta yao. Wakaoza humo. Mabawa, nywele za mbwa, majivu ya sigara, na funza weupe wakitambaa juu ya uji mweusi.

"Chakula cha watu!" alisema, akitema mate dirishani.

Chini yake mota ilikuwa nyekundu, inanata, inanuka uchachu.

"Na hii?"

"Ilikuwa inalia, yaya. Nikaipa mafuta ya mawese kidogo."

"Mawese! Hii ni mota ao ni sufuria ya sombe?"

Alijifunga kitambaa puani. Akaikongoa mota yote juu ya gazeti, akaiosha kwa petroli, akachokoa mabawa katikati ya nyaya kwa kijiti cha mwanzi, moja moja. Shaba ya katikati, ile inayosuguliwa na vipande viwili vya makaa ili umeme upite, aliipiga msasa mpaka ikang'aa. Makaa yenyewe yalikuwa yameisha. Alivunja betri mbili za tochi zilizokufa, akatoa vijiti vyake vyeusi, akavinoa juu ya jiwe mpaka vikaingia mahali pake. Katika kazi hiyo alitoka nje kutapika mara mbili.

Madamu akaja na leso puani.

"Nani aliharibu? Boyi?"

Célestin akajibu kabla Théophile hajafungua kinywa.

"Ni kumbikumbi, madamu. Mashini hii ni ya vumbi kavu. Haiwezi kula nyama."

"Kumbikumbi ni uchafu."

"Sisi tunawala."

"Munakula ile?" Akakunja uso kama aliyekanyaga mavi.

Célestin alitazama mikono yake, iliyotapakaa uchafu wa bibi huyo mpaka viwikoni. "Tunakula. Lakini kwetu hawaozi ndani ya nyumba."

Madamu akamwita mumewe. Bwana hakuketi.

"Boyi nitafukuza. Wewe malizia. Karatasi tutaona Jumatatu."

Ilikuwa saa kumi na moja. Jenereta ya kituo cha serikali huwashwa saa kumi na mbili. Célestin akapangusa bisibisi moja, akaiweka mfukoni. Akapangusa ya pili.

"Unaenda wapi?"

"Kunawa, bwana. Vitu vyote viko juu ya gazeti, hakuna kilichopotea. Anayejua kuvirudisha avirudishe. Mimi nitarudi Jumatatu, kama bwana anavyosema."

Bwana alitazama vile vipande. Madamu alitazama saa.

"Na mfuko unataka kukaushwa juani kila wiki," Célestin akaendelea. "Nimekwisha kumfundisha Théophile. Ukileta mwingine, mtaniita tena kwa funza hawa hawa."

Uongo mtupu, hakuwa amemfundisha kitu. Lakini bwana akasema boyi abaki, akaketi, akaandika, akapiga muhuri. Célestin hakuigusa karatasi kwa mikono ile. Alimwamuru Théophile aikunje, amtilie katika mfuko wa shati. Ndipo akaanza kufunga mota.

Saa kumi na mbili mashini ikavuma vizuri. Asante haikutoka.

Théophile alimsindikiza mpaka uani. "Yaya, Mungu akuba..."

"Nyamaza. Umenitapisha. Ukitia tena mafuta ya kupikia mle ndani, nitakutaja mimi mwenyewe."

Alishuka kijitoni, akajisugua kwa mchanga mpaka mabegani, na harufu haikutoka. Shati alilichoma moto palepale. Karatasi aliitoa kwanza.